Naenda kufanya kazi Sohar, Oman. Kanisa nitalipata?

FundiWaKisauni (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na nyote ambao si wa imani yangu, salamu zenu pia, kwa sababu najua humu tumechanganyika.

Nimepata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye eneo la viwanda la bandari ya Sohar, Oman. Mkataba ni wa miaka miwili, viza iko njiani. Habari za mshahara, malazi na chakula nimeshauliza na nimejibiwa. Kilichobaki ni kanisa, na kila ninayemuuliza ananijibu lake. Mmoja ameniambia nikionekana na Biblia uwanja wa ndege wataninyang'anya. Mwingine ameniambia niende tu, makanisa yako mengi kama Mombasa. Hawa wawili hawawezi kuwa wote wakweli.

Mimi ni wa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya, nimelelewa Frere Town pale Kisauni, na nimeimba besi kwenye kwaya tangu nilipomaliza shule. Sijawahi kukaa mahali ambapo sina kanisa. Mke wangu hana wasiwasi na joto wala na kazi, wasiwasi wake ni huo mmoja: nitakaa miaka miwili bila kushiriki Meza ya Bwana?

Namuomba aliyekaa Sohar yenyewe, si Dubai, si Muscat. Kanisa lipo? Ibada ni siku gani? Biblia nibebe au niache?

---

Simba_wa_Bara

Kaka, Uarabuni hakuna kanisa. Binamu yangu alikaa Saudia, alikuwa anasali chumbani taa imezimwa. Jipange kusali na simu yako, Mungu yuko kila mahali.

---

DadaWaBatinah

FundiWaKisauni, tulia nikueleze, mimi niko Sohar na nimekuwa hapa tangu kabla ya korona.

Kanisa lipo. Yapo ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, na yapo kwa ruhusa ya serikali, wala hakuna anayejificha. La Kikatoliki ni parokia ya Mtakatifu Antoni, na ndiko ninakosali mimi. Upande wenu, ulizia Kanisa la Kiprotestanti la Oman, ambalo lina ibada hapa Sohar pia. Wewe wa Kianglikana huko ndiko kwenu. Oman nzima makanisa yako sehemu nne: Ruwi na Ghala kule Muscat, Sohar huku pwani ya Batinah, na Salalah kusini kabisa. Ukipangiwa kazi nje ya hapo, mfano Duqm au Ibri, basi ni safari ndefu. Mshukuru Mungu umepangiwa Sohar.

Siku ya ibada kubwa ni Ijumaa. Itakusumbua mwanzoni, halafu utazoea. Wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, imekuwa hivyo tangu Mei 2013, zamani ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu ya kwetu. Kwa hiyo masomo na sala za Jumapili tunazisali Ijumaa, watoto wanasoma katekisimu Ijumaa, ndoa na ubatizo vinapangwa kwa kufuata hiyo hiyo Ijumaa. Misa za jioni siku nyingine zipo kwa wanaoweza. Ijumaa Kuu ndiyo raha yangu, maana siku hiyo inakuta watu wote wako mapumziko tayari, hakuna haja ya kuomba ruhusa. Krismasi ni kinyume chake: ni siku ya kazi, na ikiangukia katikati ya wiki utaenda kazini kama kawaida, labda uombe likizo mapema.

Biblia beba. Moja, yako, ya kusoma mwenyewe. Na kitabu chako cha nyimbo. Kinacholeta shida ni mtu kuja na boksi la vitabu na vipeperushi vya kugawa. Hiyo hairuhusiwi bila kibali, na kumhubiria Mwislamu ili abadili dini ni kosa kisheria. Shika hayo mawili na utaishi kwa amani.

Sasa nikwambie utakachokiona siku ya kwanza, usije ukashtuka. Utadhani umeingia India. Matangazo ukutani yameandikwa Kimalayalam, Kitamil, Kikonkani, na Kitagalog cha Wafilipino. Watu wa Kerala ndio wengi, na wamekuwa Wakristo vizazi na vizazi, usiwaone kama wageni wa imani. Kinamama wao wanajifunika kichwa kwa mtandio, wengine wanavua viatu mlangoni. Misa ya Kiingereza inajaa watu wa kila rangi. Mimi nilikaa benchi la nyuma Ijumaa nyingi bila kusema neno na mtu, mpaka mama mmoja wa Goa akanishika mkono baada ya misa akanipeleka kwenye meza ya chai na sambusa, akaniuliza jina na natoka wapi. Sasa hivi mimi ndiye ninayewashika mkono wanaokaa benchi la nyuma.

---

Simba_wa_Bara

Dada asante kwa kunielimisha. Kumbe Oman na Saudia ni vitu viwili. Narudisha maneno yangu.

---

AliyetokaJubail

Binamu yake Simba wa Bara hakusema uongo, alikuwa anazungumzia nchi nyingine. Nimefanya kazi Jubail, mji wa viwanda wa pwani ya mashariki ya Saudia. Tume ya kifalme iliyoujenga iliundwa mwaka 1975, na leo ni mabomba, matangi na moshi kadiri jicho linavyofika. Wakristo pale ni maelfu: Wahindi, Wafilipino, Wakenya, Waganda. Kanisa hata moja hakuna, kwa sababu sheria ya nchi hairuhusu jengo la ibada lisilo la Kiislamu.

Mwenye uwezo alikuwa anavuka kwenda Bahrain. Kuna daraja la Mfalme Fahd, kilomita 25 juu ya bahari, limefunguliwa tangu 1986. Manama kuna kanisa la Moyo Mtakatifu ambalo limekuwepo tangu 1939, na siku hizi kuna kanisa kuu la Mama Yetu wa Arabia kule Awali, lililotabarukiwa Desemba 2021. Lakini kuvuka kunataka viza ya kutoka na kurudi, kunataka kibali cha Bahrain, kunataka pesa. Mhandisi anaweza. Mlinzi wa getini na dada wa kazi za nyumbani hawawezi. Mimi nilikuwa mlinzi.

Na hili ndilo liliniuma kuliko yote. Karibu na Jubail hiyo hiyo kuna magofu ya kanisa la kale, yaligunduliwa miaka ya 1980 mchangani, na wataalamu wanayahusisha na karne ya 4. Yamezungushiwa uzio. Watu walisali pale kabla ya Uislamu kuja, na sisi tulikuwa tunaishi jirani yake bila mahali pa kusali pamoja.

Kwa hiyo FundiWaKisauni, mshukuru Mungu kwa Sohar. Na wengine mnaosoma uzi huu, kabla hujasaini mkataba uliza jina la mji, usiridhike na neno "Uarabuni". Ahmadi ya Kuwait ni mji wa mafuta na una kanisa la Kikatoliki na la Kianglikana. Jebel Ali ya Dubai ina makanisa yamepangana. Ukiwa Qatar kwenye viwanda vya gesi vya Ras Laffan au Mesaieed, utasafiri mpaka Doha kwenye eneo la makanisa la Mesaimeer, lililofunguliwa 2008. Kila mji na habari yake.

---

MzeeWaMaktaba

Vijana wangu, huyu wa Jubail amenigusa, basi niongeze la Sohar yenyewe, maana Sohar nayo ina kisa chake.

Zamani eneo hilo la Oman liliitwa Mazun. Kumbukumbu za sinodi za Kanisa la Mashariki, lile lililokuwa na makao yake Mesopotamia, zinamtaja askofu wa Mazun aliyehudhuria mwaka 424. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba kiti chake kilikuwa hapo hapo Sohar, kwa sababu ndiyo ilikuwa bandari kubwa ya pwani hiyo. Maaskofu wa huko wanaendelea kutajwa mpaka karne ya 7. Yaani Sohar ilikuwa na askofu miaka zaidi ya elfu moja kabla mmisionari yeyote hajakanyaga Mombasa.

Halafu kanisa likapotea pwani hiyo kwa karne nyingi. Mwaka 1891 akafika Muscat Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Lahore. Alikuwa mzee, ameacha uaskofu wake kwa hiari, akaja peke yake. Joto likammaliza baada ya miezi michache, kaburi lake liko huko huko. Baada yake wakaja Wamarekani wa Misheni ya Arabia, mmoja wao Peter Zwemer. Mwaka 1896 Waingereza walikamata jahazi la watumwa, na watoto wa kiume 18 wakakabidhiwa kwa Zwemer awalee na kuwafundisha pale Muscat. Watoto hao walitoka Afrika, FundiWaKisauni. Wa upande wetu huu.

Wewe umelelewa Frere Town. Unajua mahali hapo palianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru kutoka kwenye majahazi, baada ya mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa, alioutia sahihi Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye ni wa ukoo ule ule wa Busaidi unaotawala Oman hadi leo. Waliokamatwa kwenye jahazi moja waliteremshwa Kisauni, wa jahazi lingine wakateremshwa Muscat. Kwa hiyo usiende ukijiona mgeni wa kwanza. Waafrika wamesali nyimbo za Kikristo katika pwani hiyo kabla ya babu zetu wengi kubatizwa.

Kuhusu makanisa ya sasa, hayo ni ya wakati wa Sultani Qaboos, Mungu amrehemu. Alitoa ardhi makanisa yajengwe Muscat, na lile la Ruwi la Mtakatifu Petro na Paulo limekuwepo tangu 1977. Kanuni ya msingi ya nchi inalinda haki ya kutekeleza ibada, maadamu huvunji amani ya umma. Anayesimamia ni Wizara ya Awqaf na Mambo ya Dini.

---

FundiWaKisauni

Mzee wangu, nimesoma ujumbe wako nikamsomea mke wangu na mama kwa sauti. Mama ni mzaliwa wa Frere Town kabisa, ukoo wake ni wa hao hao walioteremshwa. Hakuwahi kusikia habari ya watoto wa Muscat. Amenyamaza, kisha akasema niende.

---

Mtumishi_Nakuru

Praise God watu wa Mungu. Mimi niko Sohar pia, niko upande wa viwanda vya chuma. Sisi ni Wapentekoste, tuko kama ndugu kumi na kitu, Wakenya na Waganda. Tulitaka kuanza ushirika wetu wa Alhamisi usiku kwenye chumba cha kambi, maombi na neno tu. Si lazima mtu aende kwenye jengo, Bwana alisema wawili au watatu wakikusanyika. Kuna anayetaka kujiunga?

---

DadaWaBatinah

Mtumishi, nakuheshimu na nakuomba usifanye hivyo. Sheria ya Oman inasema ibada za pamoja za wasio Waislamu zifanyikie mahali palipoidhinishwa. Nyumbani na kambini si mahali palipoidhinishwa. Kusali mwenyewe kitandani kwako hakuna atakayekuuliza. Watu kumi na kitu wakipiga makofi na kunena kwa lugha usiku kwenye kambi ya wafanyakazi, jirani mmoja tu akilalamika, anayeitwa ofisini ni wewe, na anayerudishwa nyumbani ni yule kijana ambaye bado hajamaliza kulipa deni la wakala.

Na usifikirie ni wewe tu utakayeumia. Makanisa haya yapo kwa kuaminiana na serikali, na kila kikundi kinachojitenga kinaongeza maswali kwa wote. Nenda kwa wachungaji wa Kanisa la Kiprotestanti, waambie mko wangapi na mnataka nini. Chini ya mwavuli wao hukutana watu wa lugha na madhehebu mbalimbali. Omba nafasi, hata kama ni saa isiyopendwa na mtu. Saa mbaya ndani ya kanisa ni bora kuliko saa nzuri kambini.

---

Mtumishi_Nakuru

Nimesikia dada. Nilikuwa najua habari ya kuhubiri nje, hii ya chumbani sikuijua. Nitawaona wachungaji Ijumaa.

---

BintiUnguja_Batinah

Assalaam aleykum na amani kwenu nyote. Mie ni Muomani, naishi Saham, jirani na Sohar, na bibi yangu kazaliwa Unguja, Malindi. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tulichokulia, Kiarabu tumekisoma skuli. Nnasoma huu uzi toka jana na nimeona niseme la upande wetu, sisi wenye nyumba.

Kwetu yupo dada anatusaidia, wa Kenya, Mkristo. Alipofika hakusema kitu. Miezi ikapita, kila Ijumaa namuona hana raha, nnadhani anakumbuka kwao. Mpaka siku mama yangu akamkuta jikoni anaimba huku akilia, akamuuliza kwa Kiswahili, mwanangu una nini? Akasema hajasali na wenzake tangu atoke kwao. Mama akasema, sasa kwa nini hukusema? Ijumaa iliyofuata ndugu yangu akampeleka Sohar kwa gari akamngoja nje. Kwetu sisi mtu anayemcha Mungu wake ndiye wa kumuamini na watoto.

Si kila nyumba iko hivyo, nnajua, na sitowatetea wenye roho ngumu. Ila nnawaomba dada zangu, semeni. Semeni mapema, tena kwa adabu, kabla ya Ijumaa yenyewe. Mwenye nyumba anaogopa mambo mawili: utatoroka, au utapata matatizo barabarani yeye ndiye aulizwe. Ukimwambia kanisa liko wapi, linaanza saa ngapi, linamalizika saa ngapi, na nani utarudi naye, hofu inapungua. Na waliopata nyumba ya Waomani wenye asili ya Zanzibar au bara, wajue wana lugha moja nao, waitumie.

---

Nyota_ya_Busia

Dada BintiUnguja umenifanya nitoe machozi kazini. Mimi pia niko upande wa Saham, nyumba nyingine. Nimeomba, nimekataliwa. Madam anasema Ijumaa ndiyo wageni wanakuja, familia nzima inakula hapa mchana, na ni kweli, Ijumaa ndiyo siku yangu ngumu kuliko zote. Naamka alfajiri kupika wali na nyama, naosha vyombo mpaka jioni. Pasipoti yangu iko kwake. Sijaingia kanisani tangu nitoke Busia. Mimi ni Mkatoliki, sijaungama, sijakomunika. Wakati mwingine naweka misa ya redio ya nyumbani kwenye simu ya sikioni nikipiga pasi, network inakatika katikati ya mageuzo.

Sitaki kutoroka. Nataka tu kwenda misa.

---

DadaWaBatinah

Nyota, mdogo wangu. Nimefanya kazi za nyumbani hapa kabla sijahamia kazi ya hoteli, kwa hiyo ninachokuambia nimekipitia.

Kwanza ujue sheria inavyokaa, isije ikakuchanganya. Sheria mpya ya kazi ya Oman ya 2023 inampa mfanyakazi wa kampuni siku mbili mfululizo za mapumziko kila wiki. Huyo ni FundiWaKisauni. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo ndani ya sheria hiyo, wana kanuni zao. Kwa hiyo kinachokulinda zaidi ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Utafute, usome tena, uone siku ya mapumziko imetajwa vipi. Ukiona imetajwa, una pa kusimamia. Pasipoti ni mali yako na ya serikali ya Kenya, mwajiri hana haki ya kukaa nayo bila ridhaa yako, lakini hilo usilifanye vita ya kwanza. Ukianza na pasipoti, atasikia "nataka kutoroka", na neno misa hatalisikia tena.

Acha kuomba Ijumaa. Omba siku nyingine. Kanisa halifungwi Ijumaa ikiisha, na misa ya siku nyingine ni misa ile ile, Yesu ni yule yule. Mwambie madam: Ijumaa nitapika, nitahudumia wageni wako, sitakuangusha. Naomba jioni moja ya siku nyingine, mara moja kwa mwezi kwa kuanzia. Mara moja kwa mwezi ni kitu ambacho hata mtu mgumu anashindwa kukikataa. Na umwambie kuna mwanamke mwenzako atakuja kukuchukua mlangoni na kukurudisha mlangoni. Huyo mwanamke ni mimi. Nitavaa abaya, nitaongea Kiarabu changu cha sokoni, nitamsalimia vizuri na kumwachia namba yangu. Nimeshafanya hivyo kwa wasichana wengine na milango imefunguka.

Padre akijua hali yako atakuungamisha kabla ya misa, hata kama ni dakika chache. Nitamwambia wewe unakuja.

Nitumie ujumbe wa ndani, usiandike hapa jina la nyumba wala la familia.

---

BintiUnguja_Batinah

Nyota, na mie nitumie. Saham si kubwa. Yawezekana mama yangu anajuana na huyo bibi au na mamake. Huku kwetu neno la mtu mzima kwa mtu mzima lina uzito kuliko ofisi. Mama kasema yuko tayari kwenda kumuamkia, kwa kahawa na halua, bila kukutaja kwa ubaya.

---

Nyota_ya_Busia

Sina la kusema. Mungu awabariki nyote wawili. Nimewatumia.

---

Kisii_SDA

Wapendwa, sisi Waadventista tusisahaulike. Kwetu Oman kuna neema moja: Jumamosi ni mapumziko kwa watu wa kampuni. Nairobi nimefukuzwa kazi mbili kwa ajili ya Sabato, hapa sijawahi kuulizwa. Mimi niko kiwanda cha chuma. Mwanzoni nilipangiwa zamu ya Jumamosi, nikamwona msimamizi Mhindi, nikamwambia nitachukua zamu zote za Ijumaa ambazo Waislamu na Wakristo wengine wanazikwepa. Alikubali siku hiyo hiyo. Mwenye kuwa tayari kutoa Ijumaa yake ana nguvu ya kujadiliana. Sabato nasoma lesoni mwenyewe chumbani, na mke wangu anasoma ile ile Kisii, tunapigiana simu jioni tunajadiliana.

---

FundiWaKisauni

Hapo umenipa swali, ndugu Kisii. Nimeambiwa tutakuwa na zamu, na bandari iko nje ya mji. Ijumaa nitatokaje? Kuna matatu?

---

DadaWaBatinah

Matatu sahau. Bandari na viwanda viko kaskazini mwa mji, upande wa kwenda Liwa, na kambi nyingi ziko huko. Kampuni nyingi zina basi la kuwapeleka wafanyakazi mjini kununua vitu siku ya mapumziko. Uliza linaondoka saa ngapi, kwa sababu mara nyingi linatoka jioni, ibada ya asubuhi imeshapita. Wengi wanakusanyika watu wanne wanakodi teksi moja wanagawana. Panga na dereva usiku wa Alhamisi, usingoje asubuhi.

Kurudi ndiko watu wanakosea. Ibada ikimalizika karibu na adhuhuri, sala ya Ijumaa inakuwa imekaribia. Madereva wengi wanaenda msikitini, maduka yanafungwa, barabara inakuwa nyeupe kwa saa moja au zaidi. Usitoke ukasimama juani. Juni mpaka Agosti joto la hapa si la Mombasa. Serikali yenyewe inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana miezi hiyo. Kaa kanisani, kunywa chai, zungumza na watu, teksi zitarudi. Urafiki wangu wote wa Sohar umezaliwa katika saa hiyo ya kungoja.

Mwezi wa Ramadhani, usile wala usinywe njiani ukitoka kanisani mchana. Maji yako kunywa ndani.

---

AliyetokaJubail

Na kuhusu zamu: ukifika, wiki ya kwanza kabisa, kabla ratiba haijakaa, mwambie msimamizi wako kwamba wewe ni mtu wa kanisa na Ijumaa asubuhi unaihitaji. Ratiba ikishakaa, kuibadilisha unaomba kwa watu watano. Usiseme kwa kulalamika. Useme pamoja na unachoweza kukitoa, kama ndugu Kisii alivyofanya.

---

MzeeWaMaktaba

Kabla hujaondoka nenda kwa kasisi wako pale Frere Town akuandikie barua ya utambulisho, kwa Kiingereza, yenye muhuri: umebatizwa lini, umepata kipaimara lini, unashiriki Meza, unaimba kwaya. Wakatoliki vivyo hivyo, chukueni vyeti vya ubatizo, na aliye na mchumba achukue na hati ya kuonyesha hajaoa. Nimeona vijana wakikwama kufunga ndoa huko kwa kukosa karatasi ambayo nyumbani ingepatikana kwa siku moja. Piga picha za vyeti vyote uziweke kwenye barua pepe.

---

Mtumishi_Nakuru

Mrejesho. Nimemwona mchungaji Ijumaa kama nilivyoahidi. Ameandika majina yetu, ametuambia nafasi inayopatikana kwa sasa ni usiku, baada ya kikundi cha Kitamil kumaliza. Tumeichukua. Tutaanza kwa Kiingereza na Kiswahili. FundiWaKisauni, wewe ni wa Kianglikana lakini besi hatuna hata mmoja.

---

Nyota_ya_Busia

Na mimi naleta mrejesho. Mama yake BintiUnguja amekuja juzi. Wamekaa sebuleni na madam zaidi ya saa moja, nimewapelekea kahawa mimi mwenyewe, hawakunitaja mbele yangu. Jana usiku madam ameniuliza, hiyo misa yenu ya siku nyingine ni saa ngapi? Nikamwambia. Akasema Jumanne wiki ijayo, na kwamba anataka kwanza kumwona huyo dada atakayenichukua.

---

DadaWaBatinah

Jumanne niko zamu ya asubuhi, natoka saa tisa. Mwambie nitafika saa kumi kamili, mapema kabla ya misa, ili tuzungumze naye. Uwe umeshakula, na ubebe kitambulisho chako cha ukaazi. Padre ameshajua.